Nyumba ya Tano Inaomba Umeme

1

Mwaka wa ishirini na mbili tangu nguzo za umeme zing'olewe Singida, Leokadia Ntandu alipewa siku kumi za kuchagua betri ya nyumba yake. Angekaa na betri hiyo miaka kumi na mitano, maana ndivyo Kituo cha Nishati cha Kata kilivyopanga: kila nyumba betri moja, kila nyumba uamuzi mmoja.

Asubuhi ya siku ya tisa alikuwa amepiga magoti mbele ya betri ya majaribio. Hakuwa na mahali pengine pa kupigia. Betri ilikuwa kubwa kama kochi la watu wawili, na walipoiingiza sebuleni iliiondoa meza yake ndogo ya sala. Msalaba ulibaki ukutani palepale, na betri ikakaa chini yake, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe.

Aliomba jambo moja tu. Aliomba aoneshwe betri itakayomwacha mume wake apumue.

Nyuma ya pazia la chumbani, mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma taratibu. Mume wake, Gervas, alikuwa ameketi kitandani na mrija puani, anasoma kitabu cha nyimbo bila kuimba. Miaka kumi na minane ya vumbi la mgodini ilikuwa imeyachosha mapafu yake. Mtaani hakuna aliyejua. Mgeni akibisha hodi, Gervas alivua mrija, akavaa koti, akatoka sebuleni anacheka. Aliweza kukaa hivyo kwa robo saa. Kisha alisema ana barua ya kuandika, akarudi nyuma ya pazia. Watu walidhani mzee anapenda sana kuandika barua.

"Hodi humu. Wanyaturu mmeamka?"

Ilikuwa sauti ya fundi Ndahani wa kituoni, Mgogo wa Dodoma. Huyu alijua habari za mashine, kwa sababu ndiye aliyepitisha nyaya, na aliapa kunyamaza.

"Karibu, mtani," alisema Leokadia akiinuka. "Chai imekwisha, tuna maji."

"Nimezoea. Nyumba nyingine za Kinyaturu hata maji huwa yamekwisha." Akavua viatu, akaketi. "Kesho saa sita mchana napeleka jibu lako. Lithiamu au chumvi?"

"Nieleze tena."

"Nimekueleza mara tatu, mama."

"Hii itakuwa ya nne. Vumilia."

Ndahani akaweka kofia gotini. "Lithiamu ni ndogo kama begi la shule, inatundikwa ukutani. Ikijaa, mashine ya mzee na taa zako zinakwenda saa sabini na mbili bila jua. Siku tatu nzima. Lakini wanaoitengeneza wameifunga. Haitoi umeme nje ya nyumba yako, wala haipokei. Ikifika mwaka wa kumi itakuwa imechoka, na mimi siruhusiwi kuifungua."

"Na hii?"

"Hii ni chumvi ya hapahapa, ya ziwa Singidani. Nzito, uliona watu sita walivyohema kuibeba. Inakupa saa thelathini na sita, nusu ya ile. Ila haishiki moto, ukiimaliza kabisa haiharibiki, na ikipata kasoro naifungua kwa bisibisi. Halafu inaingia kwenye pete."

Pete zilikuwa ndiyo maisha ya mitaa siku hizo. Nyumba tisa ziliunganishwa kwa waya uliopita chini ya ardhi. Nyumba ikikaribia kuishiwa, kioo kidogo cha ukutani katika nyumba nane nyingine kiliwaka na kuuliza: Nyumba ya tano inaomba umeme. Toa? Mwenye nyumba alibonyeza Ndiyo au Hapana. Kila Ndiyo moja ilikuwa saa moja ya umeme, na aliyetaka kutoa zaidi alibonyeza tena. Kioo cha kila nyumba kilionesha vitaa vinane tu, vya kijani na vyekundu. Muombaji hakuambiwa nani alijibu nini, na waliojibu hawakuambiwa umeme ni wa kazi gani. Waliotunga sheria hawakutaka shida ya mtu igeuke habari ya mtaa.

Jumanne iliyopita kabla ya alfajiri, siku ya tatu ya mawingu, kioo cha Leokadia kilionesha kwamba mashine imebakiza saa mbili. Betri ilikuwa imeishiwa mapema mno kuliko ilivyoahidiwa. Pete ikauliza. Leokadia alisimama mbele ya kioo na rozari mkononi, akaona vitaa vinageuka kimoja kimoja. Saba vikawa vya kijani. Kimoja kikawa chekundu. Zile saa saba ziliwafikisha mchana, na jua lilipotoka mashine ilikuwa imebakiza dakika arobaini.

Tangu siku hiyo, akifumba macho alikiona kile chekundu.

"Andika lithiamu," alisema.

Ndahani hakutoa kalamu. "Unajua kisanduku cha pete kinagawa kwa mafungu matatu ya nyumba tatu tatu. Ukitoka wewe, nane hazigawanyiki. Kinazima. Kila nyumba inabaki kivyake."

"Najua. Nimewaombea."

"Wote nane?"

"Wote nane, kwa majina."

"Na yule mwekundu?"

"Simjui jina. Huyo nimemwombea wa kwanza."

2

Fundi aliinama ili apime betri kabla ya kuandika chochote. Aliingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa haraka.

"Mama, nani amefunika hii kitu?"

"Mimi. Kitu kipya kikae uchi sebuleni?"

Ndahani akakivuta kitambaa taratibu. Chini yake kulikuwa na nailoni nene, imekunjwa vizuri kwenye pembe ili vumbi lisipenye. Akaibandua. Hewa ya moto ikapanda kama sufuria inapofunuliwa.

"Unaona matundu haya ya juu? Betri ya chumvi hutoa joto lake hapa. Joto likikosa njia, inajipunguza yenyewe isije ikaharibika. Ndiyo maana Jumanne ilikuishia njiani. Umeiwekea betri blanketi."

Leokadia akatazama matundu yale. Aliwahi kufikiri ni mapambo. Kila kitu cha heshima katika nyumba yake kilikuwa na kitambaa: viti, redio, mtungi wa maji, hata mwiko wa harusi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha heshima kinachotaka kuachwa wazi.

"Kwa hiyo sasa itafika thelathini na sita?"

"Itafika. Ngoja nikapime na za wengine, maana naanza kuhisi jambo."

Alirudi baada ya saa moja, koti begani, anacheka peke yake.

"Nyumba tisa, vitambaa tisa. Kwa mwalimu Sungi wameweka na televisheni juu. Kwa Bi Hadiya kuna maua ya plastiki na picha ya Makka. Kituo kizima tumekaa wiki nzima tunatafuta kasoro kwenye nyaya, kumbe mtaa umewavisha wagonjwa sweta."

"Wagogo wangeiacha wazi?"

"Wagogo wangeikalia."

Nyuma ya pazia, Gervas alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. 

"Thelathini na sita bado si sabini na mbili," alisema Leokadia kwa sauti ya chini. "Na kitambaa hakikubonyeza Hapana. Mtu ndiye alibonyeza."

Ndahani akainuka. Akavaa kofia, akasema atarudi kesho kabla ya saa sita.

3

Alasiri sauti ya mwanamke ikasikika uani. "Asalaam alaikum, wenyewe mpo?"

Leokadia alisikia mrija ukivuliwa na koti likichukuliwa kwenye msumari. Bi Hadiya wa nyumba ya saba aliingia na trei ya mayai, akaiweka juu ya betri, akakumbuka maneno ya fundi, akaiondoa na kuipakata. Alikuwa mjane mnene mwenye sauti kubwa, mfugaji wa kuku wa kienyeji, na mashine yake ya kutotolesha vifaranga ilijulikana mpaka Manyoni. Gervas akatoka, akampa mkono, akaketi karibu na mlango.

"Shemeji, barua zimepumzika leo?" aliuliza Hadiya.

"Zimepumzika kidogo."

Leokadia akatazama saa ya ukutani. Robo saa ilikuwa imeanza.

"Sitakaa sana," alisema Hadiya. "Mwalimu Sungi anasema mnataka lithiamu, na kesho mnajibu. Nimeona nije kabla ya kesho, nisije nikabaki na jambo rohoni miaka kumi na mitano. Leokadia, ile nyekundu ya Jumanne ni mimi."

 Leokadia alikuwa amemwombea mtu huyu siku sita bila kumjua, na sasa alikuwa ameketi mbele yake na mayai.

"Nilikuwa na mayai mia moja na arobaini kwenye mashine, siku ya ishirini. Ukiyapoza siku hiyo, vifaranga wanafia ndani. Kioo kikaniambia nyumba ya tano inaomba. Nikasema, Leokadia na Gervas wana nini pale? Taa mbili na redio. Wakizima redio leo watakufa? Nikabonyeza Hapana." Akazungusha trei magotini. "Halafu nikasimama kuswali alfajiri, nikasahau niko rakaa ya ngapi. Nikaanza upya, nikasahau tena. Nikajua kuna kitu nimekosea, lakini sijui ni nini. Kwa hiyo nimekuja uniambie. Mlikuwa mnataka umeme wa nini?"

Swali lilikuwa la Leokadia, na jibu lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amemwahidi Gervas kunyamaza. Akamtazama mume wake. Dakika kumi zilikuwa zimepita, na pembeni mwa midomo ya Gervas palikuwa pameanza kuwa na rangi ya bluu. Hadiya alikuwa anatazama mayai yake, hakuona. Leokadia akasema moyoni, Bwana, mfungue huyu, mimi siwezi.

Gervas akainuka. Hakusema habari ya barua. Alikwenda nyuma ya pazia, na aliporudi mrija ulikuwa puani, unamfuata sakafuni kutoka chumbani kama kamba ya mbuzi.

"Bi Hadiya," alisema, akasubiri pumzi, "hizo taa mbili na redio ni hii."

Hadiya akautazama mrija tangu puani hadi kwenye pazia.

"Tangu lini?"

"Pasaka ya mwaka juzi."

"Na kwaya? Ulisema umewaachia vijana."

"Vijana hawakuomba niwaachie. Mapafu ndiyo yaliomba."

Leokadia alitarajia machozi, au pole nyingi, zile pole ambazo Gervas alikuwa anazikimbia kwa miaka miwili. Hadiya hakutoa pole. Aliweka trei chini kwa nguvu hata mayai yakagongana.

"Umenifanya nimnyime mtu pumzi nikidhani nanyima redio. Kama usingeamka Jumanne ile, mimi ningekuja hapa na ubwabwa wa msiba, ningelia kuliko wote, na nisingejua kamwe. Hiyo ingekuwa dhambi ya nani, Gervas?"

Gervas alifikiri. 

"Yangu," alisema.

"Na ningejua je? Nisikudanganye. Ningekuwa na mayai mia moja na arobaini mkono huu na wewe mkono huu. Ningekupa wewe." Akajifunga upya kanga. "Lakini ningenuna mwezi mzima."

"Mwezi ni haki yako," alisema Gervas.

Hadiya akainuka, akaacha mayai, akatoka bila kuaga vizuri. Mlangoni akageuka. "Na huo mrija ni mrefu, usimkwaze Leokadia."

4

Kesho yake asubuhi Leokadia aliandika hesabu kwenye karatasi. Lithiamu, saa sabini na mbili. Chumvi, saa thelathini na sita, na nyumba nane zikitoa saa moja moja, arobaini na nne. Aliijumlisha mara mbili. Hesabu ilikuwa upande wa lithiamu, na hakutaka kujidanganya juu yake.

"Siku tatu," alimwambia mume wake. "Siku tatu bila kumwomba mtu."

"Ndiyo. Na ya nne?"

"Mawingu hayakai siku nne."

"Mwaka wa mafuriko yalikaa tisa. Siku ya nne nani atajua, mke wangu? Kioo hakitamuuliza mtu. Utatoka barabarani kupiga kelele, na watu watasema, kwani Gervas alikuwa mgonjwa?"

"Unaongea kama mtu mwenye mapafu."

"Naongea kama mtu ambaye jana aligombezwa kama walio hai, badala ya kupewa pole. Sijawahi kupata heshima kubwa hivyo tangu niache kwaya."

Leokadia akakaa. Alikuwa na hasira, na alijua ni hofu iliyovaa nguo nyingine. Alitaka Mungu aseme neno moja la wazi, lithiamu au chumvi, kama fundi anavyosema. Hakuna neno lililokuja. Ilikuja tu kumbukumbu ya vile vitaa saba vya kijani. Kwa wiki nzima alikuwa amekiangalia kimoja chekundu, na hajawahi kuwashukuru saba ambao nao walidhani wanatoa redio, na wakatoa.

"Nitakubali chumvi," alisema, "lakini sitakubali siri. Wakiulizwa, waulizwe kitu chenyewe."

Ndahani alipofika, alikuna kichwa. "Sheria inaficha sababu. Ila mwenyewe akitaka kuifungua, haimkatazi. Kuna nafasi ya maneno matano. Ukishaandika, yanakwenda nyumba zote nane, na yatatokea kila mnapoomba."

Gervas aliburuta mrija mpaka mbele ya kioo. Aliandika kwa kidole, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika nota ubaoni:

Gervas anapumua kwa mashine. Samahani.

Leokadia akanyoosha mkono, akafuta neno la mwisho.

"Hilo la nini?" aliuliza.

Gervas akatazama maneno manne yaliyobaki. Kidole chake kilisimama hewani muda mrefu. Kengele ya parokia ikaanza kugonga saa sita, na Leokadia akaanza kusali Malaika wa Bwana kwa midomo tu, bila sauti. Kabla kengele haijanyamaza, Gervas alibonyeza.

Ndahani akaandika: chumvi. Akatia sahihi, akampa Leokadia kalamu.

"Mtani," alisema akivaa viatu, "sasa ile chai haiwezi kupatikana?"

Ilipatikana, na maandazi mawili.

5

Mlango wa nyumba ya tano haukupumzika wiki ile. Mwalimu Sungi alikuja, akakaa saa mbili, akagombana na Gervas juu ya sauti ya tatu katika wimbo fulani, wala hakutaja mrija hata mara moja. Vijana wa kwaya walikuja na madaftari. Gervas hakuvaa koti tena kwa ajili ya wageni. Alifundisha akiwa ameketi, akipiga mdundo kwa kijiko kwenye ubavu wa betri, na mtu aliyekosea alioneshwa kwa kijiko hichohicho.

Kidogo kidogo na nyumba nyingine zikaanza kuandika. Nyumba ya pili: Dawa za sukari zinataka baridi. Nyumba ya tisa: Mtoto ana mtihani wiki hii. Ndahani alisema hakuna pete nyingine kata nzima yenye maneno kwenye vioo, na wakubwa wa kituo wanataka kuja kuona. Leokadia akamwambia waje, ila wavue viatu.

Wiki ya nne mawingu yalirudi. Mvua nyembamba ilinyesha tangu alfajiri, mawe makubwa ya kilimani yakawa meusi kwa maji, na paneli juu ya paa hazikupata kitu. Saa nne asubuhi betri ilionesha saa thelathini na moja. Leokadia alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati aliposikia kioo cha sebuleni kinalia.  Alikimbia na unga mikononi.

Hawakuwa wao walioomba.

Nyumba ya saba inaomba umeme. Sababu: Vifaranga, siku ya ishirini. Toa?

Gervas alikuwa amekwisha kusimama mbele ya kioo, mrija nyuma yake. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemwomba kitu chochote. Watu huwa hawamwombi kitu mzee anayependa kuandika barua.

Leokadia akatazama namba. Thelathini na moja. Akatazama dirishani, mbingu yote ilikuwa rangi ya majivu. Alitaka kusema, ngoja tuone kesho. Alitaka kusema, wengine saba watatoa. Yote mawili yalikuwa kweli. Lakini saa zile hazikuwa zake, zilikuwa pumzi za mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amesimama pale anasoma.

Gervas akabonyeza Ndiyo. Namba ikawa thelathini.

Akabonyeza tena. Ishirini na tisa.

"Mara mbili?" aliuliza Leokadia.

"Ni mia moja na arobaini," alisema, akasubiri pumzi yake ifike, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta hewa."

Leokadia akakaa kwenye mkono wa kiti, mikono yake myeupe ikiwa wazi magotini. Vitaa vya pete vikaendelea kuwaka kimoja baada ya kingine, na wote wawili wakavitazama mpaka cha nane.